Tone la Kishungi

Wifi yangu hajapata kuniibia hata sindano, lakini siku Kishungi alipopotea nilimjua mwizi papo hapo. Kishungi ndiye tetea pekee aliyesalia katika uzao wa kuku alionipa mama nilipoolewa. Kati ya nyumba zetu pana ua wa miti, na ua una tundu linaloelekea jikoni kwa wifi. Mwenye macho haambiwi tazama.

"Wifi, hujamwona tetea wangu?"

"Huenda anatamia mahali. Mpe muda."

Kajuaje? Wiki nzima nilikwenda kuomba moto adhuhuri, ili ninuse sufuria zake. Zilinuka maharage. Nikasema basi, kamficha.

Kisiwani kwetu dawa ya kideri huletwa na boti, ndani ya chupa ya chai yenye barafu. Wifi ndiye aliyefundishwa kuwatia kuku wa mtaa mzima, tone moja jichoni, na kichupa kikishafunguliwa hakingoji kesho. Alinijia nacho mkononi.

"Nifungulie banda, wifi. Halafu nina neno nataka kukwambia."

"Wangu wazima."

"Kideri hakipigi hodi."

"Na wewe je, ulipiga hodi ulipomchukua Kishungi?"

Aligeuka na kichupa chake, akaondoka. Nilijisifu siku nzima kwa ulimi wangu.

Wiki mbili baadaye shingo za kuku wangu zilianza kupinda. Kwa siku nne nilizika kumi na mmoja, jogoo akiwa wa mwisho. Jogoo wa wifi aliwika kule ng'ambo, nami nikamchukia hadi jogoo. Hata hapo niliwaza, labda ugonjwa ametuletea yeye.

Asubuhi ya siku ya tano wifi aliniita. "Chungulia hapo kwenye tundu."

Nikachungulia. Kishungi alikuwa nyuma ya kuni za wifi, vifaranga wakimtoka chini ya mabawa.

"Nilimkuta asubuhi ile ya dawa, nikamtia tone. Nilikuja kukwambia, ukaniita mwizi. Nikaogopa ungemng'oa kwa hasira, ayasuse mayai." Alifuta mikono kwenye kanga. "Nikurudishie?"

Banda langu lilikuwa bado linanuka ugonjwa, na vifaranga hawakuwa na dawa.

"Kaa nao, wifi. Nisamehe. Kaa nao mpaka utakaponiambia."

Akaitika vizuri tu, akawamwagia chenga za mchele. Na mimi, machozi yakinitoka, jicho likiwa bado tunduni, nikajikuta nawahesabu vifaranga.