Ahadi Mbili za Tuyizere

Wakili Verediana alikuwa amechoka na neno "tumeshayamaliza". Miaka kumi na minne ya kuendesha mashtaka ya watu wanaoumiza watoto, Kigoma mjini, Ujiji, hadi Ilagala kule, na kila alikokwenda neno lilikuwa hilo hilo. Mtoto kavunjwa mkono: tumeshayamaliza, mheshimiwa. Mtoto katobolewa jicho: hayo ni ya kifamilia, mheshimiwa. Mwezi uliopita alikwenda Katonga kuzungumza na wauza dagaa, akasimama juani saa mbili nzima akieleza kwamba jinai haimalizwi nyumbani. Walimpigia makofi ya nguvu. Kisha mama mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama fulana za semina zimebaki.

Leo alikuwa na kesi ya Tuyizere, binti wa miaka tisa kutoka Simbo. Mjomba wake, Calixte, alimchoma viganja vyote viwili kwa kisu kilichotoka kwenye makaa, kisa amedokoa dagaa jikoni. Dagaa! Mwalimu aliona mtoto hawezi kushika kalamu, akatoa taarifa. Lakini mwalimu hakushuhudia kitendo, na daktari angeeleza kidonda tu, asingemtaja aliyekitia. Mwenye kujua alikuwa Tuyizere mwenyewe. Mara tatu kesi ilipangwa kusikilizwa na mara tatu mtoto "amesafiri". Mara ya tatu hiyo hakimu alimtazama Verediana juu ya miwani, akasema tarehe ijayo ndiyo ya mwisho. Ushahidi usipopatikana kesi inafutwa, na mtoto anarudi kwa bibi yake, Révérienne, ambaye nyumba yake ndiyo hiyo hiyo anamolala Calixte.

Basi jana Verediana na afisa ustawi wa jamii walikwenda Ilagala wenyewe. Walimkuta mtoto kwa mama yake mdogo, akigeuza dagaa kwenye kichanja kwa ncha za vidole, kwa sababu viganja vilikuwa bado havikunjiki. Walimchukua. Mama mdogo alilalamika kwamba wanaharibu undugu. Verediana akamshika mtoto bega wakaondoka, maana angemjibu vibaya.

Kesi za watoto husikilizwa faragha, kwa hiyo walikaa ofisini kwa hakimu, wachache tu, na Calixte kwenye kona na wakili wake Nehemia.

"Unajua tofauti ya ukweli na uongo?" hakimu alimwuliza mtoto.

"Ndiyo. Nikisema ziwa limekauka, huo uongo."

"Vizuri sana. Unaahidi kusema ukweli, na usiseme uongo?"

Tuyizere akatazama miguu yake. "Siwezi kuahidi," akasema.

"Kwa nini, binti?"

"Nimeshaahidi kwa nyogokuru, bibi yangu. Tulikunywa."

Akaeleza, taratibu, kama mtu mkubwa kuliko umri wake. Wazee walikuja nyumbani. Chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa katikati, mjomba akaomba msamaha, kila mtu akavuta kwa mrija wake. Naye akapewa mrija, akavuta mara moja. Kisha bibi akamwahidisha kwamba jambo limeishia mle chunguni na mdomo wake hautalitoa tena.

"Nikiahidi na hapa," akamaliza, "moja itakuwa uongo. Na wewe umesema nisiseme uongo."

Verediana alitamani kucheka, alitamani kulia, na zaidi ya yote alitamani kumrushia mtu faili. Miaka kumi na minne amewasikiliza watu wazima wakishika kitabu kitakatifu na kudanganya bila kupepesa. Leo kampata shahidi mkweli, na ukweli wake ndio unaoua kesi! Nehemia alishasimama kusema kwamba sheria iko wazi, mtoto asiyeahidi ushahidi wake haupokelewi. Kilichomuudhi Verediana ni kwamba Nehemia alikuwa sahihi.

Tena kosa lilikuwa lake. Alimwuliza mtoto kuhusu kisu, makaa, saa na siku. Hakumwuliza walikunywa nini. Yeye, Muha wa kuzaliwa, aliyekua akiona wazee wakizunguka chungu, alisahau kwamba kwao hakuna jambo linalomalizwa kavukavu.

"Mheshimiwa, naomba bibi yake aitwe. Yuko nje."

Hakimu alishusha pumzi. "Dakika kumi. Na atakachosema akiseme hapa, mbele yetu sote."

Révérienne alikuwa kwenye benchi la nje, kitenge kimefungwa vizuri, mikono mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje," bibi akaitikia kwa Kiha, yaani mwanangu. "Sisi tumeshayamaliza."

"Mmeyamaliza vipi na mtoto hawezi kukunja kiganja?" Verediana alisahau adabu. "Ulimfunga mdomo wewe, na anakuheshimu kuliko serikali! Asiposema, leo hii anarudi kulala chini ya paa moja na Calixte."

"Calixte nimemzaa mimi."

"Na huyu?"

"Huyu kaachwa na binti yangu, marehemu." Bibi akainuka kwenye benchi. "Unajua unachoniomba, wewe?"

"Najua, bibi," Verediana akasema, na aliamini anajua.

Bibi akaingia. Hakumtazama mwanawe. Alimwinamia mjukuu.

"Tuyizere, mwana wanje. Lile la chunguni nimelitoa mimi mwenyewe. Sema."

"Yote?"

"Yote. Usibakize."

Mtoto akaahidi, hakimu akaandika neno kwa neno. Bibi alipoambiwa atoke, Tuyizere alikuwa ameshika pindo la kitenge chake na hakuliachia, basi hakimu akamruhusu abaki. Mtoto akaeleza kisu, akaeleza makaa, akaonyesha viganja. Calixte alikuwa anatazama sakafu. Verediana akahisi, kwa mara ya kwanza mwaka huo, kwamba kuna kitu kinakwenda sawa.

"Swali la mwisho, Tuyizere. Kwa nini hukukimbia?"

"Nyogokuru alikuwa amenishika miguu."

Kalamu ya Verediana ilisimama. Nehemia akainua kichwa. Hakimu akavua miwani, akamtazama yule mama mzee ambaye pindo la kitenge chake lilikuwa bado mkononi mwa mtoto.

"Umesemaje, binti?"

Tuyizere akamgeukia bibi yake, akasita.

"Rudia, mwana wanje," Révérienne akasema. "Mheshimiwa aandike."