Shubiri ya Nani?

Jumatano, mashua zetu tano zilipinduka zote, moja baada ya nyingine, mbele ya klabu nzima. Mimi ndiye niliyeshona matanga, kwa hiyo niliona aibu mara tano.

Zilikuwa Kinda, mashua ndogo za mbao alizounda Baba enzi zake, kabla plastiki haijazifukuza majini. Kwa miaka thelathini hakuna aliyeziingiza mashindanoni. Yetu tuliikuta langoni pa klabu, imejazwa udongo na kupandwa maua. Nyingine nne wenyewe walizitoa mabandani baada ya kaka yangu, Mbishi, kuwasumbua mwaka mzima. Milingoti na matanga vilikwisha kuoza. Tulibaki na daftari la Baba tu, vipimo vyote kwa shubiri.

Katibu wa klabu alishasema: zote tano zikimaliza mbio za Jumamosi, Kinda inarudi kwenye orodha ya mashindano. Ikipungua hata moja, tusahau.

"Tanga kubwa mno," nilimwambia Mbishi karakanani, nguo zake bado zinachuruzika.

"Daftari linasema mlingoti shubiri ishirini na sita. Nimepima ishirini na sita."

"Shubiri ya nani?"

Akanyoosha kiganja chake, kipana kama sahani. "Ya Baba. Mkono huu ni wa Baba, kila mtu anajua."

"Na urefu wa mashua, daftari linasemaje?"

"Kumi na nane. Sasa nani anapima mashua iliyokwisha kuundwa? Dada, wewe nawe!"

Huyo ndiye Mbishi. Ukimwambia moto unaunguza, atakudai ushahidi. Nikamvuta hadi kwenye mashua, akapima kutoka omo hadi tezi. Akaishia kumi na tano na kitu. Akarudia. Kumi na tano na kitu.

"Labda Baba alikosea," akasema kwa sauti ndogo.

Kwa hasira nikaweka mkono wangu mwenyewe, dole gumba, kidole cha mwisho, dole gumba. Kumi na nane. Haikubaki hata nafasi ya kucha.

Tukatazamana. Mkono wangu ni wa Mama. Hata pete yake ilinienea bila kupunguzwa. Na utoto wetu wote tulimsikia Baba akiita kutoka karakanani: "Mama watoto, njoo mara moja!" Tulidhani anaitwa kushika ubao.

"Lete msumeno," Mbishi akasema. Sijawahi kumwona akikubali jambo upesi hivyo.

Tulifupisha milingoti mitano, nikafumua matanga matano na kuyashona upya. Alhamisi na Ijumaa nilikula nimesimama. Jumamosi upepo ulikuja wa kutosha na ziada. Mbishi alishika usukani wa yetu. Kinda ziliinama, zikainuka, zikakata maji! Nilipiga kelele gatini mpaka sauti ikanikauka. Moja! Mbili! Tatu! Nne! Halafu yetu, ya mwisho, lakini imesimama wima. Hata wenye plastiki walipiga makofi.

Katibu akaja na fomu ya usajili. "Kipimo rasmi niandike futi ngapi?"

Mbishi, bado amelowa, akakishika kiganja changu, akakipaka rangi iliyobaki tulipoandika namba za mashua, akakibandika katikati ya fomu.

"Hicho," akasema. "Na hapo panapouliza nani aliziunda, anza na Mama."