Duara Lenye Mlango

Kampuni ilikuja na karatasi kubwa kuliko meza ya ukumbi, ikabidi karani aweke bilauri za chai kwenye pembe zake zisijikunje. Ilikuwa picha ya setilaiti ya bonde lote la Ait Ouzrou. Mhandisi Tazi alipitisha kalamu juu yake kama mtu anayegawa keki ya kwake mwenyewe.

"Waheshimiwa wa tume, picha hii ni ya mwaka huu. Tazameni marundo ya tope yalivyokauka. Khetara hii imekufa, na desturi ya hawa hawa inasema khetara isiyosafishwa miaka mitatu haina mwenyewe."

Hilo la desturi lilikuwa kweli, ndiyo maana liliuma. Tume ikikubali kwamba imekufa, kampuni ingechimba kisima kirefu cha pampu kwa ajili ya shamba lake la mitende. Maji ya khetara, yanayoteremka yenyewe ndani ya mfereji chini ya ardhi, kutoka mlimani hadi kijijini, yangekatika kabla ya mavuno mawili. Na kijiji bila maji hayo ni kuta za udongo tu.

Itto alikuwa benchi la nyuma, kando ya ami yake Moha, mgawaji wa maji ya kijiji. Itto mwenyewe alikuwa na duka la kutengeneza simu, na uraibu mmoja: wateja wakiadimika, alifungua ramani ya setilaiti akazurura angani. Aliwahi kuona kiwanja cha mpira kilichochorwa jangwani na mtu asiyejua kunyoosha mstari. Aliwahi kuona lori lililozikwa na mchanga hadi madirishani, na kuta za mawe ambazo watu wa kale walitegea swala. Alimwonyesha kila aliyepita dukani, na kila aliyepita alimcheka.

"Mwanamke wa miaka thelathini na mbili, anatafuta nini huko juu?" waliulizana wanawake mferejini.

"Mume. Huku chini amewamaliza kwa kuwakataa."

Sasa alikuwa akiitazama karatasi ya Tazi, shingo imemrefuka. Ghafla akasimama.

"Kaa chini, binti yangu," Moha alinong'ona. "Wale wana karatasi."

"Na mimi nina macho, Ami."

Alikwenda moja kwa moja hadi mezani. Mwenyekiti wa tume akamtazama juu ya miwani.

"Wewe nani?"

"Itto, binti Bassou." Akaweka kidole kwenye mstari wa vitobo, mashimo ya kushukia mferejini, uliokatiza bonde, akahesabu kwa sauti kutoka upande wa mlimani, bila haraka, huku Tazi akipumua kwa nguvu. Akasimama kwenye shimo la ishirini na tatu. "Mhandisi, hili lina umbo gani?"

"Duara. Yote ni maduara. Mnatoa tope shimoni, mnalimwaga kuzunguka mdomo. Hilo mtoto wa shule analijua."

"Ni duara kamili?"

"Kamili."

"Karani, tafadhali andika hilo."

Karani akaandika. Kule nyuma wazee wa kijiji walianza kujongea mbele, maana wao walikwisha kuelewa.

"Mtu akifia ndani ya khetara," Itto alisema, "tope la upande wa kibla, kwetu mashariki, tunaliondoa, na halimwagwi tena pale maisha. Tunamwachia marehemu mlango. Vuli sita zilizopita dari lilimwangukia baba yangu kwenye shimo hili, wakati anasafisha. Mama alikwangua tope lile kwa mikono yake, hakutaka koleo. Tangu siku hiyo duara la ishirini na tatu liko wazi upande wa mashariki." Akaligonga duara lile kwa kidole. "Kwenye karatasi yako limefunga. Kwenye karatasi yako, mhandisi, baba yangu bado yuko hai."

Tazi aliinama kusoma pembe ya picha, mahali ambapo tarehe ilipaswa kuwapo, na hapakuwa na tarehe.

Itto akamkabidhi mwenyekiti simu. "Hii ni picha ya setilaiti ya baada ya vuli iliyopita. Mlango huo hapo. Na hayo meusi kwenye mashimo yote ni tope bichi. Tulisafisha siku kumi na moja."

"Picha za simu huchezewa," alisema Tazi.

"Basi twende ukaone. Nitakusimamisha pale mlangoni umwambie Bassou kwamba khetara yake imekufa. Mimi siwezi kumwambia."

Mwenyekiti aliirudisha simu, akavua miwani. "Kisima hakichimbwi. Na kampuni itanieleza kwa maandishi picha hii ni ya mwaka gani."

Tazi akaanza kuondoa bilauri moja moja ili akunje karatasi yake. Itto akalaza viganja vyote viwili juu yake.

"Hii inabaki."

"Ni mali ya kampuni, mama."

"Imeingia kwenye maandishi ya karani. Ni ushahidi." Alisema hivyo kwa sababu lilikuwa jambo la kweli na la kisheria. Lakini kidole chake kilikuwa bado kwenye shimo la ishirini na tatu, juu ya duara lililofunga, na hakukuwa na mtu ukumbini ambaye angeweza kukitoa pale.