Nusu ya Sponji

Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe, enzi za uhai wake, aliuita ugonjwa wa sabuni. Akiona doa, hali wala hanywi mpaka litoke. Kwa miaka thelathini na minane alifua mashuka ya hoteli, sare za wauguzi na mashati ya mabwana harusi, na ungemwachia, angefua hata kivuli chako.

Kwa hiyo kichujio cha tangi la samaki kilipokata roho asubuhi moja, alifanya kile ambacho mtu kama yeye hawezi kujizuia kukifanya. Alikifungua, akakuta ndani sponji nyeusi ti, inateleza kama bamia. Akakunja uso. Akaifua kwa sabuni ya unga, akaisuuza mara tatu kwa maji ya bomba, akaianika kambani kwa kibanio. Ikatakata, ikarudi buluu yake ya dukani. Ndipo akavaa viatu, akaenda kutafuta kichujio kipya.

Samaki walikuwa wa marehemu mkewe. Watano, wa rangi ya dhahabu, wanene kama vipande vya sabuni. Hospitalini, sauti ikiwa imebaki kidogo, alimwambia, "Nakuachia samaki wangu. Wasife." Zamani dobi hakuwa na habari nao. Tangu siku ile aliwapenda kwa hofu, akiwahesabu kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Muuza samaki wa kufuga alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Tangi lako lita ngapi, mzee?"

"Mia."

"Na wakazi?"

"Watano, wa dhahabu."

"Hao wanachafua bila haya," alisema, akapanga vichujio vitatu mezani. Dobi akanyooshea kidole kile kikubwa kuliko vyote.

"Nipe chenye nguvu."

"Hicho ni cha tangi la lita mia nne. Wataogelea mchana na usiku kama nguo kwenye mashine. Chukua hiki cha kati. Kinapitisha lita mia tano kwa saa, yaani maji yote yanazunguka mara tano, na mkondo unaupunguza hapa." Akamwonyesha kitufe kidogo cha kuzungusha. "Kiweke ndani ya maji kwanza, ndipo uchomeke umeme. Tundu la kutolea maji liwe karibu na uso, maji yacheze kidogo wapate hewa. Na ile sponji ya zamani itie humu pamoja na hii mpya. Usiioshe tu."

"Nimeshaiosha."

"Kwa maji ya tangi?"

"Kwa sabuni."

Yule mama akavua miwani. "Mzee wangu, ule weusi ulikuwa hai. Ni vijidudu, ndivyo vinavyokula sumu inayotokana na choo cha samaki. Vinachukua wiki nyingi kuota. Kichujio kipya kitupu kitakupa maji ya kung'aa, na samaki watakufa humo humo kwenye kung'aa."

"Nigawie kipande cha sponji ya hapa."

"Hapa nina wagonjwa, nitakupa na maradhi yao. Humjui mtu mwenye tangi la siku nyingi?"

Alimjua.

Binti yake alipoolewa, mama yake aliikata sponji ile katikati, akampa nusu aanzishie tangi lake. Lakini baba na binti walikuwa na miezi saba wakisalimiana kwa simu tu, tena kwa mkato. Baada ya mazishi, dobi alipokosa pa kuishika huzuni yake, alifua kila kitu cha mkewe: magauni, mitandio, hata foronya. Binti akaja kuchukua ukumbusho. Alinusa gauni moja baada ya jingine, akakuta sabuni tupu. Hakupiga kelele. Alisema, "Baba, umemfua mama," akaondoka.

Sasa dobi alisimama mlangoni kwa binti yake, kichujio kipya kwapani.

"Nimeharibu," alisema hata kabla ya kuketi. "Sponji ya mama yako nimeifua."

"Kwa sabuni?"

"Na nikaianika."

Binti alimtazama. Kicheko kikamtoroka, machozi yakakifuata, na dobi hakujua ashike lipi. Alisema lile alilopaswa kulisema miezi saba nyuma. "Nguo zile pia, mwanangu. Sikujua kufanya kitu kingine. Nisamehe."

Binti alitia mkono katika tangi lake, akatoa sponji nyeusi, akaikata kwa mkasi. Nusu akaitia kwenye mfuko wenye maji ya tangi lile lile. "Twende," alisema. "Wewe sikuamini nayo njiani."

Walikifunga kichujio pamoja. Kilikohoa mapovu, kikatulia, maji yakaanza kucheza. Kwa wiki tatu binti alikuja kila siku kupima maji na kubadilisha kidogo, mwanzoni bila maneno mengi, halafu kwa maneno, halafu kwa chai. Samaki mmoja alilala ubavu siku mbili wakamkatia tamaa, akainuka. Watano wakabaki watano.

Jumapili ya mwisho binti alikuja na mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Ndani mlikuwa na mtandio wa mama yake.

"Nilimwibia hospitalini," alisema, "kabla hujafika na beseni lako."

Dobi aliufunika uso wake kwa mtandio ule, akavuta pumzi. Alikuwa yeye, mkewe, mzima mzima: jasho lake, mafuta yake ya nywele. Alilia bila kujificha. Alipoushusha akaona doa la chai kwenye pindo, la upana wa ukucha, la kutoka kwa mfikicho mmoja tu. Kidole gumba kilishaanza kulisugua chenyewe.

Akaukunja haraka, akaurudisha mfukoni, akafunga mafundo yote mawili na kumkabidhi binti yake.

"Kaa nao wewe," alisema. "Mimi bado sijiamini."