Lita Tano kwa Kila Mtoto

…kurasa kumi na nne, nimezihesabu tena, kana kwamba moja ingeweza kutoroka njiani kati ya nyumbani na korido hii, zipo zote, na katibu muhtasi amepita kwa mara ya pili na sinia la vikombe akisema, "Bado kidogo, wanamalizia chai," kana kwamba chai nayo imo kwenye ajenda, saa nne na dakika kumi, niliitwa kwa saa nne kamili, si kitu, kwa miezi tisa sasa nimekuwa na muda mwingi kuliko matumizi yake, na hapa kwenye benchi hakuna cha kutazama ila mlango wa chumba cha usaili, pipa la maji ya kunywa lisilo na maji, katika kituo cha elimu ya chakula, maji na mazingira, marehemu mke wangu angecheka mpaka ashike mbavu, na mlango wa pili kulia ambao kibao chake kimeng'olewa yakabaki matundu manne ya skrubu, ofisi ya mkurugenzi, ofisi ya mke wangu kwa miaka sita, nami nimeomba kukaa humo… nimeomba kazi, nijirekebishe, nimeomba kazi, mtakwimu wa kituo kwa miaka kumi na moja, ana sifa zote zilizotajwa kwenye tangazo, ana pia mpango wa miaka mitano, bustani za shule, majiko ya shule, mabomba, na mafunzo ya walimu wakuu watakaoongoza hayo yote, mpango mzuri, nasema bila kujisifu kwa kuwa si wangu, niliukuta kwenye kompyuta yake mwezi wa nne baada ya mazishi, umekamilika isipokuwa nafasi moja ukurasa wa tisa, maji salama, lita, kisha mstari mtupu, kwa kila mtoto kwa siku ya masomo, na nafasi ile ilinikondesha, nilidhani nguvu zilimwishia hapo hapo, kidole juu ya kitufe, kesho yake hospitali, kwa hiyo nikaijaza, tano, kiwango kimo vitabuni, nikabadilisha jalada, nikaweka jina langu, si wizi, mtu haibi ndani ya nyumba yake, nilikuwa namalizia alichoanza, ndiyo kazi pekee niliyoifanya mwaka huu nikalala vizuri usiku wake…

"Mzee, umekula asubuhi?" ananiuliza jirani yangu wa benchi, msailiwa wa pili wa leo, mkuu wetu wa bustani, kituo kizima kinamwita Mboji kwa sababu siku yake ya kwanza kazini alipakia ndoo mbili za maganda ya jikoni kwenye gari la ofisi, gari likanuka mwezi mzima, na dereva hajamsamehe hadi leo, nasema nimekula, anasema, "Mzee, hujala, shingo ya shati imekupwaya kama umeazima," nasema nitakula nikitoka, na kweli sijala, nilipasha chai ya jana nikaimwaga, kupikia mtu mmoja ni hesabu ngumu kuliko zote nilizosoma chuoni, kikombe kimoja cha mchele ni kingi na nusu ni aibu… "Wanaanza na wewe au mimi?" Na mimi. "Afadhali, wachoshe vizuri, mimi nikiingia wawe wanasinzia, wanipitishe bila maswali," namwambia awe na adabu, anacheka kwa pua, ana miaka thelathini na minne, alianza hapa kama binti wa mafunzo kwa vitendo, mke wangu ndiye aliyemlea kikazi, naye alimwita Mama na mimi akaniita mzee, na pale msibani alipiga deki jikoni kwetu siku tatu bila kuambiwa, na baada ya hapo sikumpigia simu hata mara moja, hilo nalo liandikwe… kabrasha lake jembamba, kurasa tatu, najua kuhesabu kingo za karatasi kwa jicho, namuuliza ameandika nini humo, anasema, "Mabaki ya chakula tu, mzee, majiko ya shule yarudishe maganda bustanini, basi, mpango wa Mama sikuugusa, nikajua utauchukua wewe, ni haki yako," anasema hivyo akitazama viatu vyake, vina udongo kwenye soli, amekuja na udongo kwenye usaili, na mimi nimejiona mtu mrefu aliyekaa kwenye kiti kifupi, kumbe anajua, amejua tangu siku tuliyopeleka maombi, ameingia mkono mtupu ili mimi nisisumbuke…

"Ila ile nafasi ya lita," anasema, "uliiacha, eh?"… na mimi nasema nini, nasema, "Nilijaza," nasema, "Tano," na yeye ananiuliza, "Ulienda siku ya bomba?" na jibu analijua, kituo kizima kinalijua, hiyo ilikuwa kanuni yake, hakuna tarakimu ya maji inayoingia kwenye ripoti mpaka mwandishi wake ameshinda siku nzima kwenye bomba la shule yenyewe, tangu mtoto wa kwanza anapofika mpaka geti linapofungwa, na asinywe maji mengine ila wanayokunywa wao, wageni kazini waliiita jando, mhasibu alikwenda, dereva alikwenda, mimi sikwenda, kila mara palikuwa na ripoti ya robo mwaka, nilimwambia kiwango kinajulikana, kiko kitabuni, akaniuliza, "Hicho kitabu kimewahi kupanga foleni?" na mezani siku hiyo tulicheka wote wawili, mimi nikidhani ni utani… Mboji anasema polepole, kama mtu anayemtoa mwingine mwiba, "Mzee, ile shule ya mteremkoni, bomba ni moja na mpishi ndiye wa kwanza kuchota, maharage yanakunywa kuliko watoto, ikifika saa nne watoto wamebakiwa na lita mbili kila mmoja, siku nyingine hata mbili hazifiki, na ukiandika tano shule inahesabiwa imetosheka, haiongezewi bomba, Mama hakusahau pale, alikataa kuandika, alisema nafasi ibaki wazi mpaka mpishi na mwalimu mkuu wakae meza moja waseme wenyewe, alisema kiongozi asiyeweza kuacha nafasi wazi mbele ya wakubwa zake akatafute kazi nyingine," na mimi nauliza alimwambia lini hayo, sauti yangu ni ya mtu anayeuliza ratiba, na yeye anasema, "Jioni ile ile aliyotoka huko, kwenye simu, tuliongea saa nzima"…

Jioni ile ile, naijua jioni hiyo, Jumanne, aliingia saa kumi na mbili kasoro, viatu vimelowa, akavivulia mlangoni, akasema, "Leo nimegombana na mpishi," na mimi nilikuwa na jedwali kwenye skrini, safu wima haikubaliani na safu mlalo, nikasema, "Mh," nakumbuka vizuri kwa sababu sikuinua macho, akasimama pale, sijui dakika ngapi, mimi ninayepima kila kitu dakika hizo sikuzipima, halafu akatoka barazani na simu, akawa anaongea, anacheka, anakohoa, anaongea, na nikainuka nikafunga dirisha, kelele… nilifunga dirisha, na Jumatano hospitali, na miezi tisa nimekaa nikijihurumia kwamba hakuna anayeniuliza siku yangu imekwendaje, nikiingia nyumbani nasimama pale pale mlangoni nikingoja kuulizwa, mtu mzima, na kile nilichokiona zawadi yangu kwake, ile tano, nimeichukua nikaiandika juu ya jambo alilolikataa, nikaiita kumalizia, na watoto wa mteremkoni wangesomwa kwenye ripoti kwamba wameshiba maji, kwa wino wangu, chini ya kazi yake… na ile ofisi, niseme ukweli mara moja angalau humu kichwani ambamo hakuna wa kunipinga, sikuiomba kwa ajili ya walimu wala mabomba, niliiomba kwa sababu kabati lake bado liko mle na nilitaka niwe na ufunguo, hiyo si sababu ya kuwaongoza watu, jopo halitauliza swali hilo, ningepita, ningepita vizuri sana, nina sifa zote… hapana, wakinifungulia mlango nitawaambia mpango ni wa mke wangu, ukurasa wa tisa una tarakimu ya uongo na aliyeitia ni mimi, wakiuliza ya kweli ni ngapi nitasema sijui, wakiuliza nani ajuaye nitawaonyesha benchi, na watamwita Mboji aingie na udongo wake, nami nitarudi kwenye chumba changu cha majedwali, na jioni nyumbani, ambako… basi, jioni ni jioni.

"Mzee, nimekuudhi?" anasema Mboji, nasema hapana, na katibu muhtasi anachungulia, "Bado kidogo, wazee wangu, samahani," anafunga tena, na mimi nageuka kwenye benchi mpaka goti langu linaugusa ukuta, namtazama huyu binti usoni, sawasawa, nadhani kwa mara ya kwanza, namuuliza, "Huyo mpishi, waligombania nini hasa?" naye anashusha kabrasha lake sakafuni, anavuta pumzi, anasema, "Eeh, ni hadithi ndefu, mzee, Mama alifika pale kabla hata jiko halijawashwa…"