Mlio Usiofika kwa Fundi

Gari la Ami Amur lilikuwa likilia asubuhi tu. Likitoka nyumbani kwetu Tibirinzi, pale Chake, lilipiga tak, tak, tak, kama mtu anayegonga mlango kwa ufunguo, na katikati ya kugonga huko likatoa ukelele mwembamba wa paka aliyekanyagwa mkia. Likishakwenda maili mbili, kimya. Gereji ya Fundi Kificho ilikuwa maili nne. Kila tulipofika kwake gari lilikuwa limetulia, linanguruma kwa adabu, na sisi tuliolipeleka tukaonekana waongo.

"Amur, gari halina kitu hili," fundi alisema mara ya kwanza.

Mara ya pili akasema petroli imeingia maji. Mara ya tatu, plagi. Mara ya nne alitia mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye injini, akafumba macho kama anayesikiliza maiti inasema nini, kisha akatikisa kichwa, akatuambia turudi litakapolia.

"Linalia nyumbani," nikamwambia.

"Basi mie nihamie kwenu, Bi Moza?"

Ningecheka kama isingekuwa barua. Ilitoka Unguja, ikinitaka nifike shuleni Jumatatu saa mbili asubuhi nianze kazi ya ualimu. Nisipofika, nafasi apewe anayefuata kwenye orodha. Meli ya wiki ile haikuwa ikipita Wesha, bandari yetu ya karibu. Ilikuwa iondoke Wete Jumamosi mchana, na baada yake hakuna nyengine mpaka wiki ya pili. Tena ulikuwa msimu wa karafuu. Magari ya abiria yote yalijaa magunia na wachumaji, na hata yangekuwa matupu, Ami asingekubali mtoto wa marehemu kaka yake akae na sanduku lake juu ya makonyo, vikonyo vya karafuu.

"Nitakupeleka mwenyewe," alisema, na Ami akishasema, basi. Hata kama gari lake linalia.

Ijumaa asubuhi lilipigwa stati uani, na ule mlio ukatoka kwa nguvu kuliko siku zote. Kuku walikimbia. Ami akalizima pale pale, akatuma mtu kwa baiskeli akamwite fundi.

Kificho alikuja na sanduku lake la spana. Ami akaliwasha tena. Tak, tak, tak, tak. Paka. Tak.

Fundi alisimama kinywa wazi.

"Haa! Kumbe mlisema kweli!"

Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Alifungua boneti, akachungulia, akapuliza karafuu tatu nne zilizokuwa juu ya injini, phuu, zikaanguka chini, akainama na bisibisi yake sikioni. Aliponyanyuka alikuwa na uso wa hakimu.

"Valvu. Nashusha kichwa cha injini leo hii."

"Lini litakuwa tayari?" Ami akauliza.

"Nikishashusha, gasketi ya zamani hairudi. Mpya naagiza Unguja. Itakuja na meli."

"Meli gani?" nikauliza mimi.

"Ya wiki ya pili, inshallah."

"Fundi, mimi nasafiri na hii ya kesho!"

"Safiri, nani kakuzuia?"

Bibi yangu, Bi Ghania, mama yake Ami, alikuwa barazani anachambua karafuu kwenye ungo. Hakunyanyua kichwa.

"Hilo jicho," akasema. "Tangu mlipolipaka rangi mpya watu walilitumbulia macho. Lifukizeni ubani."

Nikashika kiuno. Upande huu valvu, upande ule jicho, na meli inakuja.

"Fundi, niambie," nikasema. "Hiyo valvu inaumwa asubuhi na kupona kabla ya adhuhuri? Kila siku? Homa gani hiyo?"

"Mwalimu, wewe fundisha watoto. Injini niachie mie."

"Mwalimu gani? Kazi yenyewe sijaianza, na wewe ndiye unayeniachisha!"

"Moza!" Ami akanguruma. "Adabu. Fundi, fungua."

Kificho akachagua spana. Aliitia kwenye nati ya kwanza, akaitemea mate mikono yake miwili. Nami nikawa naitazama ile nati kama inayonifunga mimi.

Hapo ndipo hodi ikapigwa ukutani. Alikuwa Bi Mwanawema wa kisiwani Fundo. Alikuwa amekuja Chake kwenye hitima ya shoga yake, na Ami alimwahidi kumrudisha Wete, avukie kwao, katika safari yetu ya Jumamosi. Alitoa salamu, tukaitikia, akapiga hatua mbili uani, akajiziba pua kwa kanga.

"Jamani! Mnachoma karafuu humo ndani?"

Fundi akacheka. "Bi Mwanawema, huu msimu. Pemba nzima yanuka karafuu."

"Hiyo ya kuanikwa majamvini naijua, tangu nishuke Wete yaniuma kichwa. Mie naisema ya kuungua. Yatoka hapa." Akanyoosha kidole kwenye injini.

"Mie sisikii kitu," akasema Ami.

"Mtasikiaje? Mwalala nazo, mwaamka nazo. Sisi kwetu twanuka samaki, na ndio maana karafuu twaisikia."

Nikainama juu ya injini nikavuta pumzi. Wallahi sikusikia kitu zaidi ya kila siku. Lakini sasa nilitazama. Pale bomba la moshi linapotokea injini palikuwa na vichwa vyeusi vya karafuu, vimeungua mpaka vikawa makaa. Na zile alizozipuliza fundi nilikuwa nimeziona kwa macho yangu, wala sikuzitia akilini, kama vile mtu asivyotia akilini vumbi la mlangoni kwake.

"Fundi, zile karafuu ulizozipuliza zimetoka wapi?"

"Karafuu ziko kila mahali."

"Juu ya injini?"

"Juu ya injini, ndani ya kofia yangu, ndani ya kitanda changu! Siku zote nazipuliza. Wataka nini, Bi Moza?"

"Zungusha feni. Kwa mkono, polepole."

Alimtazama Ami, naye Ami, kwa uchovu tu, akampa ishara azungushe. Feni ikazunguka, ukanda wake ukatambaa juu ya puli, halafu mahali pamoja ukanyanyuka, ukaanguka. Tak. Akazungusha tena. Ukanyanyuka, ukaanguka. Tak.

Fundi akaingiza msumari kwenye mfereji wa puli, akachokoa, likatoka bonge la karafuu na makonyo, limeshindiliwa likawa gumu kama sabuni ya mche. Akashika ukanda, akanusa vidole vyake, akavifuta kwenye suruali.

"Mafuta ya karafuu," akasema kwa sauti ndogo. "Ukanda wateleza. Ndiye paka huyo. Ukienda maili mbili bonge lapukutika, kimya."

Ami akageuka mwekundu. "Nani anatia karafuu ndani ya gari langu?"

Barazani ungo ulizidi kwenda mbio.

"Bibi?" nikasema.

"Mvua hii siku ya kumi," akajibu, akiuambia ungo. "Karafuu zangu zaota ukungu. Gari larudi magharibi li moto, na joto lote lapotea bure. Nikaona niweke kikapu juu ya injini usiku. Alfajiri natoa. Nimemkosea nani?"

"Bibi, umekaa hapo ukasema ni jicho!"

"Na jicho nalo lipo," akasema.

Fundi alisafisha puli kwa msumari, akaufuta ukanda kwa kitambaa, akafungasha spana zake bila kututazama. Ami akawasha gari. Lilinguruma tu. Akalizima, akaliwasha tena, mara sita nilihesabu, kisha akaenda nalo msikitini ingawa msikiti uko hatua mia.

Jumamosi alfajiri, kabla sanduku langu halijapakiwa, nilifungua boneti mwenyewe. Kikapu kilikuwepo.

"Bado zina unyevu kidogo," Bibi akasema nyuma yangu. "Ningetoa."

Nikakitoa mwenyewe. Nilikipakata kikapu hicho mpaka Wete. Ami aliendesha njia nzima shingo ameipinda, anasikiliza injini. Bi Mwanawema, kiti cha nyuma, alipiga chafya tu, na tulipopita nusu ya njia akauliza, "Mbona kimya hivi? Au limekufa?"

Gatini abiria walikuwa wakipanda. Nilimbusu Ami mkono nikangoja. Nilikuwa nakwenda ng'ambo peke yangu kwa mara ya kwanza, na nilidhani angeninasihi, au angaa aniombee dua.

"Umesikia?" akaninong'oneza, macho yanang'aa. "Chake mpaka Wete. Hata tak moja."

"Nimesikia, Ami," nikasema. Nikamkabidhi kikapu cha mama yake, nikapanda meli.