Risasi ya Arvil

"Hiyo si kutu. Ndiyo rangi yake," alisema Bi Verlene.

"Rangi yake nyeusi, Verlene. Nilisimama naye kaunta siku Arvil anainunua."

"Basi imezeeka. Hata wewe umezeeka, na sijaona anayekupaka mafuta."

Hoyt Langdale, jirani yake, aliegemea uzio kwa viwiko vyote viwili, kama mtu aliyepanga kukaa. Upande wa pili Bi Verlene alikuwa ameinama kuchuma bamia za mwisho za Oktoba. Shati la marehemu mume wake, ambalo ndilo analovaa siku hizi kwa kazi za bustani, lilikuwa limepanda mgongoni, na bastola ikaonekana kiunoni, kwenye ala yake ya ngozi. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Mimi, msusi wake, nilikuwa mlangoni nimeshika rola saba za nywele, maana nilikuwa nimefika nusu ya kichwa chake akaniambia, Twyla, subiri, kikaango kina nafasi ya bamia. Basi upande mmoja nywele zimesokotwa vizuri, upande wa pili zimesimama kama zimeona kitu.

"Hilo ni jasho la kiangazi kizima," Hoyt akaendelea. "Unalima nayo, unapika nayo, unakwenda nayo kanisani, na huifuti. Arvil angelia."

"Arvil hayupo wa kulia. Na siku ya kuliliwa yeye, wewe ulisimama kwenye majani kama nguzo ya umeme."

Hoyt aliondoa kiwiko kimoja uzioni. Mtaa mzima wa Tanyard unalijua hilo. Februari, tulipotoka kumzika Arvil Stamps, wanawake wa kanisa walijaza meza tatu, na hapa kwetu Alabama mtu akifa unaingia nyumbani kwake unakula, hata kama hukumpenda. Hoyt alikuwa rafiki yake kuliko wote. Alikuja na tai yake hadi uani, akasimama dakika ishirini, akarudi kwake. Bi Verlene alikuwa amemwekea sahani, imefunikwa kwa karatasi ya fedha. Tangu siku hiyo wamekuwa wakiongea kwa juu ya uzio tu, na kila mara ni ugomvi.

"Ifungue basi uipanguse," Hoyt alisema. "Dakika kumi. Au nipe mimi."

"Sikupi."

"Sababu?"

"Ni yangu."

Mdomo wangu una tabia moja mbaya. Kikiwepo kimya, unakijaza.

"Hawezi kuikoki, kuivuta nyuma, Bwana Hoyt," nikasema. "Vidole vyake vimekwisha. Tangu Februari haijafunguliwa, na binti yake Darla anakuja saa saba na mtoto, na amesema bastola isipotolewa risasi na kufungiwa, mtoto haingii humu ndani."

Bi Verlene alinitazama. Sijui nieleze vipi. Si kwa hasira. Alinitazama kama nimemvua shati mbele ya watu. Akachukua bakuli lake la bamia, akapita kando yangu akaingia ndani.

Niliingia nyuma yake nikajishughulisha na rola. Alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni, bastola ameiweka juu ya kitambaa cha maua, mdomo umeelekea ukutani. Nilisokota rola mbili bila kusema kitu, na kwangu mimi hizo ni nyingi.

"Hilo nilikuambia wewe," alisema. "Sikuliambia gazeti."

"Najua, Bi Verlene. Nisamehe."

Ndogo kweli, hiyo bastola. Inafunikwa na kiganja. Ndiyo wanayotuuzia wanawake hapa, wakisema ni nyepesi, haionekani, inafaa mkoba. Hawakuambii kwamba kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo springi yake inavyokuwa ngumu, na kile kipande cha juu cha kuvuta nyuma kinakuwa kifupi, hakina pa kushika. Yangu nilipoitoa kwenye mkoba mwaka jana ilikuwa na pini tatu za nywele ndani na poda ya uso kila mahali. Mama mchungaji yake inakaa kwenye jalada la Biblia, na anapoombea wagonjwa hakuna anayefumba macho sawasawa. Lamar Gaddis aliisahau yake juu ya kishikio cha karatasi, chooni kwenye mkahawa wa kuku, akarudi akakuta foleni ya wazee watatu mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake tangulia wewe. Kila mtu ana hadithi yake. Ya Bi Verlene nilidhani naijua.

"Nipe nikuvutie mimi," nikamwambia. "Mikono yangu bado ina nguvu. Tunaitoa, tunaifungia kwenye kile kisanduku cha chuma cha Arvil, Darla akifika hakuna atakachokuta."

Akaiwekea mkono juu.

"Kila Jumamosi walikuwa wanakaa hapa, yeye na Hoyt," alisema. "Wanazisafisha. Mafuta yananukia mpaka kwenye mkate. Halafu Arvil anaikoki yangu, maana vidole vyangu viliacha kukubali zamani, anairudisha kwenye ala, ananivalisha kiunoni kama mtu anayemfunga mtoto viatu. Jumamosi ile alifanya hivyo. Jumanne akafa."

Nilishusha kitana.

"Risasi iliyomo kwenye chemba, tayari kufyatuliwa, aliiweka yeye. Ndicho kitu cha mwisho alichonifanyia. Shati nimelifua, likaisha harufu. Kitanda nimekitandika upya. Hii tu ndiyo iko vilevile alivyoiacha." Akaisogeza karibu. "Ukivuta wewe, itatoka. Halafu?"

Simu ikalia. Alikuwa Darla, kwenye spika kama kawaida, maana mama yake hasikii vizuri upande wa kushoto. Nyuma yake mtoto Wynn alikuwa anaimba wimbo wake mwenyewe wa ba-ba-ba. Ana miezi tisa, ameanza kutambaa wiki mbili tu, na hajawahi kukanyaga nyumba ya bibi yake tangu aanze.

"Mama, tumepita daraja. Dakika arobaini. Umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Umeitoa kweli, au umeiweka juu ya friji?"

"Nimekuambia nimeitoa, Darla. Endesha gari."

"Mama, nakupenda. Lakini nikiingia nikaikuta, tunageuza. Sitafanya ugomvi. Nitageuza tu."

Alipokata simu, Bi Verlene aliendelea kuitazama ile simu. Nilichukua rola ya tatu. Nikairudisha mezani.

Kisha tukasikia kitu kizito kinawekwa kwenye kibaraza cha nyuma. Nilifungua mlango. Alikuwa Hoyt, amebadilisha shati, nywele amezilowesha maji akazichana. Miguuni pake kulikuwa na ndoo ya mchanga. Mkononi kikopo cha mafuta ya bunduki na kitambaa cha fulana ya zamani.

"Sikuitwa," alisema.

"Hukuitwa," Bi Verlene alijibu akiwa ndani.

"Lile la Twyla halikuwa la kusemwa uzioni. Ni la kusemwa watu wameketi. Lakini alilosema nimelisikia." Alisimama kwenye kizingiti lakini hakukivuka. Macho yake yaliingia jikoni, yakafika kwenye kiti cha upande wa dirisha, yakarudi haraka kwenye ndoo. "Njoo huku nje. Kuna mwanga."

Bi Verlene alitoka na bastola mkononi, kidole mbali na kifyatulio, mdomo chini, kama alivyofundishwa. Nusu ya kichwa rola, nusu wazi. Walisimama na ndoo kati yao.

"Sitaki uiguse," alisema.

"Sitaigusa."

"Hujui kwa nini."

"Niambie basi."

Akamwambia. Kwa maneno machache kuliko aliyonipa mimi, lakini yote yalikuwemo: Jumamosi, chemba, Jumanne. Hoyt alikuwa anasikiliza huku anakunja kile kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Nilikuwepo," alisema hatimaye. "Nimekaa mkono wake wa kulia. Alikuwa ananidhihaki kwamba yangu kubwa kama pasi." Akatazama mlango. "Siku ya mazishi nilifika mpaka hapa, Verlene. Hapa nilipo sasa, kabla ya kurudi kwenye majani. Nikaona kile kiti cha Arvil kimekaliwa na mjomba wa mtu, anakula kuku. Miguu ikakataa. Si kwamba sikutaka kula chakula chako."

"Ungesema."

"Ningesema na nani? Ulikuwa na watu sitini."

"Tangu Februari hakukuwa na watu sitini."

"Hapana," alikubali Hoyt. "Tangu Februari nimekuwa mwoga tu."

Gari lilipita barabarani na sote watatu tukageuka. Halikuwa la Darla.

"Magazini kwanza, hicho kikasha cha risasi," Hoyt alisema, na sauti yake ikawa ya kazi. "Itoe, mpe Twyla. Usipoitoa kwanza utatoa moja na kuingiza nyingine. Sawa. Sasa mdomo ndani ya ndoo, ikifyatuka mchanga utaimeza. Umekosea maisha yako yote kwa sababu sisi wanaume tulikufundisha kuvuta. Usivute. Mkono wa kushoto ushike cha juu, kiganja kizima, uuache kama umegandishwa. Mkono wa kulia ndio unaokwenda mbele, na usitumie vidole, tumia bega. Kama unafunga ile droo yako ya visu."

Bi Verlene alimwangalia. "Unaikumbuka ile droo?"

"Nimeifunga kila Jumamosi miaka kumi na tisa. Inakwama kushoto."

Alijaribu. Kipande cha juu kilisogea kidogo kikarudi. Alijaribu tena, na nikaona viungo vya vidole vyake, vile vilivyovimba kama vifundo vya kamba, vinageuka vyeupe. Rola moja ikadondoka begani mwake ikajiviringisha hadi kwenye ngazi. Hakuna aliyeiokota.

"Ichukue wewe," alimwambia Hoyt, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Imenishinda. Mtoto yuko njiani. Ichukue."

Hoyt aliweka mikono yake mgongoni.

"Aliiweka yeye," alisema. "Wewe ndiye utakayeitoa. Tuna dakika ishirini. Pumua. Kaza kiganja, halafu bega."

Alipumua. Alisogeza mguu mmoja mbele, kama ninavyomwona akifanya na ile droo, ambayo huimalizia kwa nyonga. Na bega likaenda.

Kipande cha juu kilifunguka chote. Risasi ikaruka nje, ikameta mara moja juani, ikaanguka mchangani bila sauti.

Hoyt aliinama akachungulia chemba, akaomba aingize kidole kidogo, akaruhusiwa. "Tupu," alisema. Kidole kilitoka na ukungu wa nyuzi za kijivu. Ni za shati la Arvil, la miezi minane ya kulivaa. Bi Verlene alizichukua kwenye kidole cha Hoyt akazipeperusha bustanini, taratibu, akacheka kidogo huku anajifuta pua kwa mkono wa shati.

"Kumbe ni droo tu," alisema.

"Droo tu."

"Miaka yote hiyo Arvil ananivalisha kiunoni kama mtoto."

"Alikuwa anapenda," Hoyt akasema. "Aliijua hii mbinu. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

Hapo Bi Verlene ilibidi aketi kwenye ngazi. Nilimwacha akae. Niliichukua bastola, Hoyt akaipangusa kutu harakaharaka, mafuta yakanukia kibaraza kizima, na mimi nikaipeleka chumbani nikaifungia kwenye kisanduku cha chuma pamoja na magazini, nikaingiza kisanduku nyuma kabisa ya kabati, juu, nyuma ya kofia zake za Pasaka. Niliporudi alikuwa ameichukua ile risasi mchangani. Ilikuwa imefifia ikawa rangi ya chai. Alikuwa anaizungusha kiganjani.

"Hii haiwezi kukaa humu ndani leo," alisema. "Wynn kila kitu anaweka mdomoni." Akaishika juu, kuelekea kwa Hoyt. "Kaa nayo. Usiisafishe. Ukiipoteza, uhame mtaa."

Hoyt aliipokea kwa mikono miwili. Akaitia kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, akafunga kifungo, kisha akagusa kifungo tena kuhakikisha.

Tukasikia gari linapunguza mwendo kwenye kona, na safari hii lilikuwa lenyewe. Nilikuwa na dakika moja ya kumvua rola zote na kumfanya afanane na binadamu, nikaanza kuzichomoa hapo hapo ngazini. Hoyt aliinua ndoo yake.

"Unaenda wapi?" Bi Verlene aliuliza, kichwa kimeinamia magoti yake.

"Nyumbani. Mna wageni."

"Twyla, ngoja." Aliinua uso, nywele zikimwangukia usoni upande mmoja tu. "Kiti chake atakaa Darla na mtoto mapajani. Chako kiko palepale, mkono wa kulia. Kuna kuku, kuna bamia, mkate wa mahindi uko kwenye oveni. Nilikufunikia sahani Februari mpaka ikaota barafu kwenye friza, Hoyt, na sitafunika nyingine. Weka ndoo chini, pangusa viatu, ingia ule."